Bi Despina na Ukuta wa Jemadari

Ngano yangu i mlangoni!
— Ifungulie, iingie!
Imevua viatu?
— Imevua, na ikae!

Hapo kale, katika kisiwa cha bahari ya Mediterania, palikuwa na ngome ya mawe, mguu mmoja majini, mguu wa pili nchi kavu. Chini ya ukuta wake aliishi mjane, Bi Despina, mwenye mbuzi watatu na ulimi usio na kufuli. Katika nyufa za ukuta ule huota kapari, kichaka ambacho vitumba vya maua yake hulowekwa katika siki na chumvi, vikawa achari. Bi Despina alivichuma, akavitia achari, akauza. Riziki yake ya mwaka mzima ilining'inia ukutani.

Akaja jemadari mpya, Fabrisio, mtu wa ng'ambo, kifua mbele. Akamkuta mjane juu ya ngazi yake.

"Wee mama! Shuka! Kila kilicho juu ya ukuta huu ni mali ya ngome!"

"Kila kitu, bwana mkubwa?"

"Kila kitu!"

"Basi tangaza, wote wasikie."

Likapigwa tarumbeta, ikatangazwa. Bi Despina akarudi nyumbani na kikapu kitupu. Akalia kidogo. Kisha akacheka, nanyi chekeni naye, akafungua zizi.

*"Panda mbuzi wangu panda, juu kuna wa kulisha!"*

Mbuzi wa kisiwa kile hupanda ukuta kama mjusi. Akapanda wa kwanza.

"Bi Despina!" akaita Manoli, bawabu wa lango. "Mbuzi wako huyo!"

"Wangu? Si yuko ukutani? Mpeni majani, Manoli, msije mkaua mali ya ngome."

Siku ya pili, akapanda wa pili. Siku ya tatu, akapanda wa tatu. Askari wakawaingiza ndani, wakawakatia majani, wakawachotea maji. Wa kwanza akala shuka za jemadari. Wa pili akala ramani yake ya vita. Wa tatu, jamani, wa tatu akazaa mapacha kitandani kwake!

Jemadari akachungulia juu ya ukuta, shuka iliyotafunwa begani.

"Wee mama! Chukua mbuzi wako!"

"Niibe mali ya ngome? Nakuogopa, bwana mkubwa."

"Basi natangaza upya! Kila kishukacho ukutani si cha ngome tena. Ni cha atakayekiokota!"

"Kila kitu?"

"Kila kitu!"

Tarumbeta likapigwa.

*"Shuka mbuzi wangu shuka, chini kuna wa kukama!"*

Wakashuka watatu, na vitoto viwili nyuma yao. Kisha Bi Despina akatandika nguo chini, akashika ufito mrefu, akavigonga vichaka. Vitumba vikamwagika kama mvua.

"Mwizi!" Jemadari akateremka mbio kwa ngazi za ukutani, akatoka langoni. Alipokanyaga mchanga tu, Manoli akafunga lango.

"Fungua! Ni mimi!"

"Umeshuka, bwana mkubwa. Si wa ngome tena."

Bi Despina akamtazama kuanzia kofia hadi viatu.

"Mimi nami sikuokoti," akasema. "Ila una mikono mizuri. Shika kikapu."

Jemadari akakishika mpaka kikafurika. Ndipo lango likafunguliwa. Tangazo la tatu halikusikika kamwe.

Ngano yangu imeshuka ukutani.
— Ni ya nani sasa?
Si yangu tena. Aliye karibu aiokote!