Masikio ya Siwema

Shuleni kwetu tulijaliwa shujaa, Makorongo wa darasa la sita, hodari kweli wa kuwapiga watoto wa darasa la pili. Foleni ya uji, foleni ya maji, zote lazima awe wa kwanza. Siwema, msichana mdogo mwenye masikio makubwa, aliimbiwa naye kila siku: "Masikio ungo, tupepetee mpunga."

Jumatatu Siwema alimfuata mwenyewe.

"Kaka Makorongo, masikio yangu yamenasa maneno dirishani kwa mwalimu mkuu. Kesho wageni wanakuja, na kila mtoto atapata chake. Nakuomba, kesho tu, niachie niwe wa kwanza."

"Wewe nani? Utakaa mwisho kabisa."

"Haya, kaka. Mkubwa ni mkubwa."

Kesho yake Makorongo alisimama mbele, mkono keshaunyoosha. Muuguzi akafungua boksi, akatoa sindano ya chanjo.

"Hongera, baba," akasema, akiushika ule mkono. "Wengine huwa tunawakimbiza."

Makorongo alilia mpaka mpishi akatoka jikoni na mwiko.

Siwema akamwitia kutoka mwisho wa foleni: "Pole, kaka. Leo hata wenye masikio madogo wamesikia."