Mama Aliyefuta Upande wa Zamani

Saa nane za usiku mama mmoja alisikia kompyuta ikilia sebuleni, ule mlio mfupi inaoutoa ikimaliza kuwaka, akakurupuka kitandani, kwa sababu haukuwa mlio wa upande anaofanyia kazi, ulikuwa mlio wa upande wa zamani, na mumewe alikuwa safarini, na nyumba nzima ilitakiwa iwe imelala.

Akina mama wenzangu, niacheni niieleze hiyo kompyuta kwanza, maana si wote tunaigusa, nisije nikakimbia nikawaacha nyuma. Kompyuta ina kitu kinaitwa mfumo, ndicho kinachoiwasha na kuiendesha. Ukimsikia fundi anasema anapiga window, anachoweka ndicho hicho. Kwa kawaida mashine moja ina mfumo mmoja. Hii ya huyu mama ilikuwa na miwili. Wa zamani ulikuwemo tangu mjomba wake alipompa kompyuta hiyo ya kukunja, imeshatumika, kabla hajaolewa. Wa pili aliwekewa baada ya ndoa, alipoanza kuchapa mitihani ya walimu na kadi za harusi hapo nyumbani, na aliyeuweka hakuutoa ule wa kwanza, alisema uache tu, hauli chakula. Basi kila akiwasha, skrini inamletea majina mawili, inamwambia chagua kwa kitufe cha mshale, na inampa sekunde kumi. Asipochagua, mashine inaingia yenyewe kwenye ule wa zamani.

Na kwenye upande wa zamani kulikuwa na mtoto.

Picha za mtoto, nina maana hiyo. Huyu mama alizaa akiwa kidato cha tatu. Mtoto wa kike, sasa ana miaka sita, analelewa na bibi yake mzaa mama, mbali, safari ya siku nzima. Mumewe hakuambiwa. Wakati wa uchumba mama alijiambia atamwambia wiki ijayo, na wiki ijayo ikawa ndoa, ndoa ikawa mimba, mimba ikawa mtoto wa pili ambaye nyumba nzima inamwita wa kwanza. Sasa utaanzia wapi kusema? Kila bibi akituma picha kwa simu, mama anaihamishia upande wa zamani, kisha anaifuta kwenye simu. Huko ndiko mtoto alikokulia. Alikuwepo wa siku tatu, amefungwa kanga. Alikuwepo anayetambaa. Na ile ya mwisho, amevaa sweta ya njano, meno mawili ya mbele hana, anacheka, hiyo aliiweka mbele kabisa, ndiyo inayokupokea skrini ikifunguka.

Miaka miwili huyu mama aliwasha kompyuta kidole kikiwa tayari juu ya mshale. Hakuwahi kuiwasha akaenda kutazama maji jikoni. Mtoto mchanga akilia katikati ya zile sekunde, alimwacha alie kwanza. Mnauona huo uchovu? Ukilima, ukichota maji, unalala na asubuhi umekwisha. Huu wa kulinda mlango hauishi, maana hata ukilala unalinda. Na wiki hiyo mume alikuwa amepiga simu, anarudi Jumamosi, amejiandikisha masomo ya jioni, akasema kwa furaha, "Hiyo mashine yako sasa tutagawana, mke wangu." Yeye akajibu karibu sana. Akakata simu, akakaa chini palepale jikoni. Mume atawasha, hatajua habari ya mshale, sekunde kumi zitapita. Alijiona anatoka na begi lake, na mtoto wa miezi saba amebaki ndani, kwa sababu alishasikia kwa wengine, mwanamke anarudishwa kwao na mtoto anabaki upande wa ukoo.

Kwa hiyo usiku ule aliposikia mlio alikwenda sebuleni hajavaa hata kandambili. Akamkuta mama mkwe wake, wanayeishi naye, amekaa gizani, amempakata mtoto, na kompyuta imefunikwa.

"Meno yanamsumbua huyu," mama mkwe akasema. "Nikamtoa huko ili wewe upate usingizi. Nimebonyeza hiyo mashine yako nimwonyeshe vikatuni, sikuijua inavyokwenda, nimeifunga."

Akanyoosha mikono ampokee mtoto.

"Nenda kalale, mwanangu. Macho yako mekundu kama ya mlevi."

Akaenda, lakini kulala hakulala. Alihesabu. Mama mkwe hajui mshale, kwa hiyo sekunde kumi zilipita, kwa hiyo amemwona. Jumamosi atamwambia mwanawe. Na hapo, akina mama, kwenye giza lile, likamjia wazo ambalo aliliona ni msaada. Picha zisipokuwepo, mama mkwe ataonyesha nini? Itakuwa neno la mama mzee aliyeamshwa na mtoto usiku wa manane. Nitasema, mama, labda ulisinzia ukaota. Nitaiwasha mbele yao wote watazame. Ndivyo alivyopanga, mtu ambaye hajawahi kumjibu mama mkwe wake vibaya hata siku moja. Mnaona uoga unakotupeleka? Ili yeye abaki msafi, mama mkwe awe kichaa.

Asubuhi, ilikuwa Alhamisi, akaifunga kompyuta kwenye kitenge, akambeba mtoto mgongoni, akaenda kwa fundi wa pale stendi.

"Nataka ule mfumo wa zamani utoke," akasema. "Wote. Usibaki hata jina."

Fundi akaiwasha, akayaona yale majina mawili, akatikisa kichwa. "Dada, kufuta si kazi. Kazi ni mlango. Huyu wa zamani ndiye aliyeshika mlango wa mashine. Nikimtoa kwa pupa, na mpya hataingia, utabaki na skrini nyeusi. Kwanza namkabidhi mpya funguo, ndiyo namtoa huyu. Ngoja nichungulie ndani kuna nini."

"Usichungulie."

Lakini sekunde kumi zilikuwa zimeshapita. Sweta ya njano ikajaa kwenye skrini, na yule mtoto akawa anawacheka wote wawili hapo stendi, makondakta wanaita abiria nje.

"Katoto kazuri," fundi akasema. "Nani huyu?"

"Mtoto wa jirani."

"Hao majirani zenu ni hatari, dada. Wamekuibia paji la uso."

Hakucheka. Fundi akaona mzaha haukufika, akachomoa flashi kwenye droo. "Zipo picha nyingi humu. Nikuhamishie kwenye hii, dakika mbili tu. Nikishafuta nikaandika juu yake, hazirudi, hata kwangu usije kulia."

"Hakuna cha kutunza."

"Hata moja?"

"Fundi, nimesema hakuna."

Basi fundi akafanya kazi yake. Mashine nayo ikauliza kwa maandishi, una hakika? Fundi akamgeukia, akamwonyesha lile swali. Mama akaangalia pembeni, akamwinua mtoto mgongoni kama anamweka sawa, akasema, "Endelea." Haikuchukua hata muda wa chai kupoa. Miaka sita, na ile ya siku tatu kwenye kanga ikiwemo. Kisha fundi akaizima, akaiwasha upya, na hakukuwa na majina mawili wala sekunde za kuhesabu, ikaingia moja kwa moja. Kidole cha mama kilikuwa kimeshakwenda kwenye mshale chenyewe.

Alirudi nyumbani kwa miguu. Alitegemea kujisikia mwepesi. Ninyi mnajua siku ile unayomaliza kufua nguo zote za nyumba, unakaa, na mikono inaendelea kuuma? Ndivyo alivyokuwa.

Akamkuta mama mkwe uani anamenya ndizi.

"Kaa," mama mkwe akasema.

Akakaa.

"Yule mtoto wa kwenye mashine anavaa kiatu namba ngapi?"

Mama yule alikuwa na maneno yake tayari, labda ulisinzia, mama. Badala yake akamfungua mtoto mgongoni, akampakata. Mama mkwe akaendelea kumenya, wala hakuinua uso.

"Ulipojifungua huyu hapa, nani alikukanda maji ya moto? Si mimi? Siku ngapi? Nimewakanda wanawake wa mtaa huu tangu mumeo hajaota ndevu. Tumbo linalozaa mara ya kwanza nalijua, na lililokwisha kuzaa nalijua. Miezi saba nakungoja uniambie mwenyewe. Nikasema labda alikufa, ndiyo maana hataki kumtaja, nikaona nisikutoneshe. Jana usiku namwona anacheka. Yuko hai?"

"Yuko hai, mama."

"Anaitwa nani?"

"Tusekile."

"Tusekile," mama mkwe akalijaribu jina. "Haya. Mumeo utamwambia wewe Jumamosi, na mimi nitakuwepo nimekaa hapohapo. Atanuna, atanuna sana, mimi ndiye niliyemzaa, namjua, lakini hakuna atakayekutoa humu ndani mimi nikiwa hai. Sasa niwashie nimwone tena. Jana nilikuwa na huyu mapajani, sikumtazama vizuri. Nataka nimkadirie hata sweta nyingine, ile imeshambana mabega."

Akina mama, mngekuwa ninyi mngefanyaje?

Aliifungua kompyuta kwenye kile kitenge, akaiwasha. Mama mkwe akajifuta mikono, akasogeza kigoda. Ikaingia moja kwa moja. Mitihani ya walimu. Kadi za harusi. Mama mkwe akangoja, akafikiri bado inakuja, kwa sababu jana ilichelewa kidogo kabla mtoto hajatokea.

"Yuko wapi?"

"Nimemtoa, mama."

"Lini?"

"Sasa hivi. Natoka kwa fundi."

Mama mkwe hakumgombeza. Angemgombeza ingekuwa nafuu. Alirudisha kigoda, akachukua ndizi nyingine.

Mfano wangu unaishia hapo uani. Najua mnataka kusikia Jumamosi mume alisema nini. Sijui. Jumamosi haimo kwenye mfano.

Lakini sisi tumo. Mimi si mhubiri, mmenipa zamu tu na zamu imeniangukia vibaya, ila naomba niseme. Sisi tunapotubu tunafanya kama huyu mama pale kwa fundi. Tunamwambia Mungu, futa yote, usichungulie, lisibaki hata jina. Na cha kufutwa alishakifuta zamani. Kuzaa kidato cha tatu kulikuwa na kosa lake, sikatai, lilitolewa machozi, likaombewa, likaisha. Kilichokuwa kimebaki kwenye ule upande hakikuwa kosa. Alikuwa mtu, amevaa sweta. Nani alitufundisha kwamba mtoto ni uchafu wa kutolewa ili nyumba ionekane mpya? Si Mungu. Ni sisi kwa sisi, akina mama, hapahapa tunapokaa, kwa jinsi tunavyosikilizana vibaya. Mmoja wetu akijifungua tunahesabu miezi kwenye vidole. Msichana akirudi shule baada ya kuzaa tunamsogelea kumwangalia tumbo. Halafu tunashangaa watu wanaficha.

Na jambo la pili, nimechoka nalo hata kulisema. Macho tunayoyakimbia, mara nyingi yalishaona. Yule mama aliamka miaka miwili akilinda mlango, na ndani ya nyumba alikuwemo mtu aliyekwisha kumjua kwa mikono yake, kwa maji ya moto, akamnyamazia ili asimtoneshe. Mungu naye si ndivyo? Ametukanda sisi. Anakijua kila kilichopita tumboni mwetu. Yeye hatuulizi, ulikuwa wapi. Anauliza mtoto anavaa namba ngapi, na sisi wakati huo tuko stendi tunamwambia fundi endelea.

Picha hazirudi. Nisiwadanganye kwamba zinarudi. Ile ya siku tatu kwenye kanga hakuna mwingine aliyekuwa nayo. Lakini mtoto hakuwa ndani ya mashine, mtoto yuko kwa bibi yake, meno yanaota, na safari ni ya siku moja. Aliyefuta picha bado anaweza kupanda basi. Mimi nashikilia hapo. Sina pengine pa kushika.

Tutafunga kwa sala, kisha wenye watoto wadogo watangulie, giza linaingia. Mimi nitabaki nyuma kukunja mikeka. Kama yupo mmoja wetu mwenye upande wa zamani, na ana mtu humo, asiende kwa fundi kesho. Aje anisaidie kukunja. Sitamuuliza baba wa mtoto ni nani, wala ilikuwa mwaka gani. Nitamsikiliza mpaka amalize, na sitamwambia mtu mwingine.