Kifuko cha Katikati

Wapendwa, kabla hatujasimama kuomba, niwape mfano wa fundi cherehani mmoja na albamu yake.

Fundi huyu alikuwa mtu safi, safi mpaka anachosha. Alishona suti za maharusi, na suti nyeupe haisamehe doa, kwa hiyo tusimlaumu haraka. Alinawa kabla ya kushika kitambaa, akanawa tena akishashika mlango, na mteja akisalimia kwa mkono, alinawa mteja akigeuka tu. Lakini kilichomnyima raha hazikuwa suti. Zilikuwa kadi.

Zamani, kule milimani alikozaliwa, palikuwa na kiwanda cha chai chenye timu ya wanawake ya mpira wa pete. Timu ilipovuma, kiwanda kikachapa picha za wachezaji kwenye kadi ndogo, kikatia kadi moja ndani ya kila pakiti ya majani. Watu wakawa wananunua chai wasiyoihitaji. Mama yake fundi alikuwa mchuma chai huko, naye akazikusanya: wachezaji saba, wa akiba mmoja na mwalimu wao. Akazipata zote isipokuwa moja, ya mfungaji. Msichana mrefu, jina lake Leokadia, ila uwanjani walimwita Mlingoti. Na huyo ndiye mama aliyemtaka kuliko wote.

Kwa nini? Siku moja ya mechi kulikuwa na ukungu na baridi ya kukata masikio. Mama alikaa kwenye nyasi na kitoto chake kichanga, kitenge chenyewe chepesi, na kitoto kimekuwa cha bluu midomo. Yule msichana alikuwa anaingia uwanjani. Akasimama, akavua sweta lake, akamfunga mtoto, mikono ya sweta akaizungusha mpaka mgongoni kama anayefunga zawadi, kisha akakimbilia mpira akiwa na fulana tupu. Mechi ilipokwisha wachezaji wakapakiwa kwenye lori wakaondoka. Mama akabaki na sweta na shukrani ambayo hakuwahi kuitoa. Baadaye kiwanda kikafungwa, watu wakatawanyika.

Kile kitoto ndicho huyu fundi.

Sasa mama amezeeka, anaishi kwa mwanawe mjini, na macho yake yameanza kuingia ukungu kama ule wa milimani. Daktari amesema yatazidi. Mama akamwambia mwanawe kitu kimoja tu: angependa kuiona ile sura mara moja kabla macho hayajafunga kabisa. Kila jioni fundi akiingia kumsalimia, mama anauliza, "Amekuja?" Anaulizia kadi, lakini anaulizia kama mtu.

"Bado, mama."

Ndipo fundi akakosa utulivu. Zile kadi chache alizokabidhiwa na mama alianza kuziogopea kama mayai. Kwanza zilikaa kwenye kopo la biskuti, kutu ikala pembe. Akazihamishia kwenye albamu ya kurasa za gundi, na alipojaribu kubandua moja, mgongo wa kadi ukabaki ukurasani. Akanunua plastiki za bei rahisi. Masika yakaja, plastiki zikatoa jasho, sura ya mchezaji wa akiba ikang'ang'ania humo hadi leo ana shavu moja. Mwisho akaagiza albamu ya maana kweli. Jalada gumu, zipu inayozunguka pande tatu, kurasa zenye vifuko laini visivyovuta wino, vifuko tisa kila ukurasa, vitatu kwa vitatu. Kadi zikaenea vizuri, nane zikizunguka, na kile kifuko cha katikati akakiacha wazi kwa ajili ya Mlingoti. Kila akifungua, jicho lilikwenda pale pale, kama ulimi unavyokwenda kwenye pengo la jino.

Akaiweka kabatini. Akaona kabati liko karibu na dirisha, jua litapausha rangi. Akaihamishia sandukuni. Akahisi sanduku lina unyevu. Akairudisha. Hata ibadani, wenzake wakiimba, yeye aliwaza kama alifunga zipu. Unamjua mtu wa namna hiyo? Mimi namjua. Usigeuke kumtazama jirani yako.

Watu walikuja kuiona albamu, na fundi aliwaonyesha, maana hakuwa mchoyo. Ila aliweka beseni, sabuni na taulo mlangoni. Ukinawa unakaa, anakufungulia mwenyewe, unatazama. Hugusi.

Sasa fundi alipiga pasi kwa mkaa, ile pasi ya chuma yenye mdomo. Mkaa aliletewa kila Jumamosi na mama mmoja mrefu, mtu mzima, anayebeba gunia upande mmoja kwa sababu mkono wake wa kushoto haunyooki. Mtaa mzima ulimwita Mama Mkaa. Fundi alimwelekeza apite kichochoroni, amwage mkaa uani, asipite ndani, kwa sababu ya vitambaa na kwa sababu mama yake alikohoa akivuta vumbi. Mama Mkaa hakununa. Alivua kandambili hata huko uani. Na mkaa wa jiko la yule mama wa ndani, ambaye hajawahi kumwona, aliuvunjavunja kabisa vipande vidogo, ili mtu mwenye macho mabaya asihangaike na nyundo. Nani alimtuma? Hakuna aliyemtuma.

Siku moja fundi alikuwa ametoka, mvua ikashuka, na koti la harusi lilikuwa limeanikwa uani. Mama Mkaa akazungushia mikono yake kanga, akalikumbatia koti kwa mikono iliyofungwa hivyo, akaliingiza barazani. Fundi aliporudi mbio akalitazama lile koti mbele, nyuma, ndani ya kola, akitafuta alama nyeusi. Hakuipata. Asante aliikumbuka baadaye, Mama Mkaa akiwa ameshafika barabarani.

Haya. Jumamosi moja alikuta mlango wa mbele uko wazi, watu wamekaa, albamu iko mezani. Akasimama nje ya kizingiti. Akasema angependa na yeye atazame, atanawa.

Fundi akacheka kwa upole, hakuwa na ubaya. Akamwambia, "Mama, mkaa wako hautoki kwa sabuni. Umeshaingia kwenye kucha."

"Kweli, fundi. Huu umehamia kabisa, mpaka na mizigo yake," akajibu, na wote wakacheka.

Basi fundi akainua albamu, akamwonyesha kutoka kule kule ndani, kwa mbali. Yule mama akakunja macho. Akazipitia sura moja moja, kama anayehesabu watu wa nyumbani kwake. Kisha akauliza, "Hapo katikati mbona pako wazi?"

"Anayetakiwa hapo hajapatikana."

"Mmemtafuta wapi?"

"Kila mahali, mama," fundi akasema, huku akivuta zipu, maana mmoja wa wageni alikuwa ameshika kikombe cha chai karibu mno.

Mama Mkaa akaitazama mikono yake. Akainua gunia. "Haya, mwanangu. Mkaa wa mama yako nimeuweka pembeni, ule mdogo mdogo." Akapita kichochoroni.

Utaniuliza kwa nini hakusema. Nami nikuulize: wewe ungesema? Umesimamishwa mlangoni, umeambiwa kucha zako, watu wamecheka na wewe umewasaidia kucheka, halafu uanze kusema, mimi ndiye?

Wiki zikapita, macho ya mama yakazidi. Sasa alimtambua mwanawe kwa kikohozi na kwa harufu ya pasi. Fundi akaona akichelewa, hata kadi ikipatikana itakuwa ya kumwonyesha kipofu. Akasikia kwamba mwalimu wa ile timu bado yuko hai, huko huko milimani. Akafunga duka, akaacha suti ya mtu haina mikono, akamwambia mama yake mkaa ukija utaachwa uani, akapanda basi. Njiani hakulala. Kila basi liliposimama aliuliza kama wamefika.

Mwalimu alikuwa bibi mkavu, mchangamfu, akamkaribisha viazi. Kadi? Hakuwa nayo. Akasema kadi za Mlingoti zilichapwa chache kuliko zote, maana aliumia mapema msimu ule. Alianguka akigombea mpira, mkono wa kushoto ukavunjika kwenye kiwiko, ukaungwa vibaya. Haukunyooka tena. Akaolewa na mchoma mkaa, wakahamia mji wa huko chini. "Mji wenu huo huo," mwalimu akasema. "Mwanangu, unatafuta karatasi ya nini? Si umtafute mwenyewe?"

Kiazi kikabaki mkononi mwa fundi. Aliuona ule mkono usionyooka. Aliona gunia upande mmoja. Aliiona kanga imezungushwa mikononi, imekumbatia koti jeupe lisichafuke. Na akakumbuka kwamba muda wote huo hakuwahi kumwuliza jina.

Alirudi siku iyo hiyo, na safari hii basi lilikuwa konokono. Ilikuwa Jumamosi. Njia nzima alipanga maneno ya kumwomba radhi, akayapangua. Alipofika uani akakuta gunia tupu na kandambili zimevuliwa, lakini mwenyewe hayupo. Akaingia ndani.

Mama yake alikuwa amekaa mkekani, na kandokando yake, kwenye chumba ambacho hajawahi kuruhusiwa kukanyaga, amekaa Mama Mkaa. Kumbe asubuhi ile alipomwaga mkaa alipiga hodi, aone kama mzee wa ndani ameamka salama, maana mwanawe hayupo. Mama akamjibu karibu, akamwuliza anaitwa nani. Ni hilo tu. Kitu ambacho mwanawe hakukiuliza, kipofu alikiuliza kabla hata mgeni hajakaa.

Yule mwingine alitaka akanawe kwanza. Mama alikataa. Alikuwa ameikamata mikono yake yote miwili, anaipapasa kidole kwa kidole, na sweta la zamani liko mapajani mwao. Wote wawili walikuwa wameshalia, wameshamaliza, sasa wanaongea habari za ukungu.

Mama akasikia hatua, akageuza uso mlangoni. Safari hii yeye ndiye aliyejibu.

"Mwanangu," akasema, "amekuja."

Fundi akapiga magoti. Yale maneno aliyoyapanga hakuliona hata moja. Mama Mkaa akamshika bega kwa mkono ule mweusi, juu ya shati jeupe, akasema, "Ulikuwa mzito wewe. Mtoto mchanga, lakini mzito."

Albamu ilikuwa mkekani, zipu wazi. Mama ndiye aliyeitoa, akampa mgeni amsomee majina ya wenzake. Na katikati, juu ya kile kifuko cheupe kilichosubiri miaka yote, palikuwa na alama ya kidole gumba, ya mkaa, wazi kabisa na mistari yake.

Fundi, kwa mazoea, alitoa kitambaa mfukoni. Akakipeleka karibu. Kisha akakikunja, akakirudisha. Kadi hakuitafuta tena. Wageni wakija kuangalia, na beseni akawa ameshaliondoa, walimwuliza ile alama nyeusi ni nini, imeharibu ukurasa mzuri. Aliwaambia, huyo ndiye mfungaji wetu.

Wapendwa, sisi je? Sisi tuna albamu zetu. Tunatunza nyumba, tunatunza jina, tunatunza hata imani yetu, tumeifungia zipu pande tatu isiguswe na mtu mwenye kucha nyeusi. Na kila jioni tunapiga magoti tunamwambia Mungu, bado, hujatujibu, tumetafuta kila mahali. Kila mahali wapi? Kichochoroni tumetafuta? Mangapi tuliyoyaomba yalifika kwetu yamebeba gunia, tukayaambia yapite nyuma? Na yakapita nyuma, bila kununa, yakatuvunjia mkaa vipande vidogo.

Usafi si dhambi. Nawa, mama, nawa na wewe baba. Lakini tukishanawa tushikane mikono na nani?

Jumamosi inakuja. Kuna mtu atafika mlangoni kwako, na maziwa, na mboga, na ndoo ya maji. Amekuwa akija muda mrefu. Usianze na kadi. Anza na kumwuliza jina.

Tusimame tuombe.