Ufunguo Mmoja wa Gari Jeusi

Siku ya Jumamosi, tarehe 14 Machi 1987, saa tatu na dakika kumi asubuhi, katika ua wa nyumba moja ya Manundu mjini Korogwe, seremala Yafeti Mbelwa Singano aliinua kitambaa cheupe kutoka juu ya boneti ya gari la baba mkwe wake mtarajiwa, akakiona kimekuwa cheusi. Weusi ule haukuwa wa vumbi wala wa moshi. Ilikuwa rangi ya gari lenyewe.

Sogeeni, wakubwa kwa wadogo. Mwishoni nitawauliza swali, na sitampokea atakayenijibu kwamba hajui.

Kwanza wajueni watu watatu walioingia katika shida ile, kila mmoja na kipaji chake. Wa kwanza ni Bi. Perusi Shemboko, shangazi wa bibi harusi, aliyetunza ghala la vipuri mjini Tanga kwa miaka kumi na tisa; huyu alijua kilichomo ndani ya kila kopo, hata lile lililokwisha kubanduka karatasi yake. Wa pili ni Bwana Mbaruku Kilua, dobi wa jirani, ambaye mkono wake ulijua uzito unaostahili kila kitambaa, kuanzia kaki hadi hariri, na hakuwahi kuunguza nguo ya mtu. Wa tatu ni Ruhama, bibi harusi mwenyewe, aliyekuwa akimsaidia baba yake kuliosha gari lile tangu alipokuwa na kimo cha gurudumu. Yeye alijua jinsi rangi yake inavyobadilika juani na kivulini, saa kwa saa.

Yafeti naye alikuwa na kipaji cha mbao. Hicho ndicho kilichomponza.

Mwenye gari, Mzee Zakaria Shemboko, mkuu wa stesheni mstaafu, alikuwa na sharti la nyumbani kwake ambalo halikuandikwa popote, lakini hakuna aliyethubutu kulisahau. Mwanamume anayeoa kwake huliosha gari la Mzee siku moja kabla ya harusi, peke yake, kwa vifaa alivyochagua mwenyewe. Kisha Mzee hutoa leso nyeupe mfukoni, akaipitisha juu ya boneti mara moja tu. Gari lilikuwa Peugeot 404 jeusi, alilolipokea tarehe 3 Agosti 1966, na rangi yake ilikuwa ile ile ya siku hiyo.

Sharti halikuwa mchezo. Tarehe 9 Juni 1979, mchumba wa binti yake mkubwa aliosha gari hilo kwa kitambaa kilichookota mchanga chini. Mlango ukapata mkwaruzo mmoja, urefu wake kidole. Bwana yule alirudishwa kwao jioni ile ile, na sufuria za harusi zikateremshwa mekoni zikiwa zimeanza kuchemka.

Yafeti aliikumbuka habari hiyo neno kwa neno.

Alikuwa ameanza vizuri. Alitumia ndoo mbili, moja ya povu na moja ya kusuuzia, na sabuni ya maji isiyo kali. Lakini asubuhi ile fenesi lilikuwa limekatwa kwa ajili ya wageni, na aliyelibeba alipita karibu na gari. Matone matatu ya utomvu yakaganda juu ya boneti. Katika karakana ya Yafeti, gundi iliyodondokea mbao hutolewa kwa tina, maji makali ya kuyeyushia rangi. Mafuta hayasogezwi hata karibu, maana mbao iliyokunywa mafuta haishiki vanishi. Mkono wake ukaenda kwenye chupa ya tina kama ulivyokwenda kwa miaka kumi. Utomvu ulitoka. Rangi ikaufuata. Pakabaki baka la kijivu, pana kama kiganja, lililofifia kama jicho lenye mtoto wa jicho.

Akakunja kitambaa upande safi, akainama ili apanguse tena.

"Yafeti! Usiguse!"

Sauti ilitoka nyuma ya pazia la dirisha. Ilikuwa ya Ruhama, ambaye tangu Alhamisi hakutakiwa kuonekana na bwana harusi.

"Umetia nini hapo?"

"Tina," alisema Yafeti.

Kisha akasikia mtu nyuma ya pazia akijizuia kulia.

"Sikiliza," alisema Ruhama. "Rangi hiyo sasa ni kama uji. Ukiigusa kwa chochote, hata unyoya wa kuku, utaibeba. Ikipigwa na jua itafura mapovu. Lisukume gari hadi kwenye kivuli cha ukuta wa jikoni. Usiwashe moto wa gari! Joto la injini litapanda chini ya boneti, na hapo tumekwisha. Kisha kaa. Usifanye kitu mpaka nikugongee kioo mara tatu."

"Mpaka saa ngapi?"

"Mpaka nikugongee."

Bi. Perusi, aliyetoka jikoni kwa kelele zile, alimsaidia kusukuma. Gari likafika kivulini. Yafeti akaketi juu ya kigoda, akaikalia mikono yake yote miwili, maana hakuiamini tena. Saa nne ikapita. Saa tano ikapita. Kila baiskeli iliyopiga kengele barabarani aliidhani ni Mzee aliyerudi mapema kutoka Tanga, alikokwenda kuchukua suti yake. Mara tatu aliinuka ili apanguse kidogo tu, na mara tatu pazia likatikisika kwa hasira.

Wakati huo Bi. Perusi alikuwa amelifungua sanduku la Mzee la vifaa vya gari.

"Shangazi," alinong'ona Yafeti, "tukipaka rangi ya viatu? Nyeusi ipo, ninayo."

"Leso ya kaka yangu ikitoka na rangi ya viatu, tutazika nani kwanza, wewe au mimi? Halafu hebu niambie, seremala: kwenu hamjawahi kula fenesi? Utomvu wa fenesi hutolewa kwa mafuta ya kupikia! Mtoto wa miaka mitano anajua!"

"Mafuta huharibu mbao, Shangazi."

"Hii ni mbao? Gonga. Gonga usikie!"

Yafeti hakugonga. Bi. Perusi akarudi kwenye makopo. Yalikuwa tisa, na sita hayakuwa na maandishi. Alinusa moja, akalifunga: sabuni ya unga, hukausha rangi na kuila nta yote. Alichovya kidole katika la pili, akasugua kati ya kidole na gumba, akasikia chembe: dawa nene ya kukwangulia rangi mpya. "Hii kwa ngozi ya mwaka sitini na sita? Itatufikisha kwenye bati." La tatu lilikuwa polishi ya samani, aliyoileta Yafeti mwenyewe na kuitia humo, akalirusha chini ya mgomba. Katika kopo la saba alikuta dawa ya kung'arishia rangi, laini kama maziwa mgando, isiyokwaruza hata ukucha, na katika la tisa nta ngumu ya manjano. Hata hivyo hakuridhika. Alifungua mlango wa nyuma, akaijaribu ile dawa kwenye ukingo wa ndani usioonwa na mtu, mahali padogo kama kifungo cha shati. Akangoja. Akatazama. Ndipo akasema, "Ni hii."

Saa sita na robo, kioo kiligongwa mara tatu.

Yafeti akasimama. Akachukua kitambaa, akakisogeza karibu na boneti. Akakiweka chini.

"Siwezi," alisema. "Shangazi, siwezi. Mikono hainisikii."

Ndipo Bwana Mbaruku alipoingia uani, amebeba suti ya bwana harusi aliyoinyoosha. Alitazama boneti, akatazama uso wa Yafeti, akaitundika suti kwenye kamba.

"Wallahi, bwana harusi, leo umejikaanga mwenyewe. Nipeni shuka kuukuu la pamba. Si fulana, ina mshono. Si taulo, lina nyuzi ndefu."

Alipopewa shuka akachana pindo lote, akatoa kila uzi mgumu, akalikunja likawa kama mto mdogo. Akalilowesha, akalikamua, akaweka dawa kiasi cha punje ya kunde. Akaanza kupitisha kwa vidole viwili, mwendo mmoja, mbele na nyuma, bila kukandamiza. Kila baada ya mapito kumi aligeuza upande safi.

"Kaza kidogo, Mzee Mbaruku," alisema Yafeti. "Saa nane hii!"

"Ukikaza wewe, nitaondoka. Umeshakaza leo inatosha."

Baka la kijivu likaanza kunywea. Likawa kama ukungu, kisha kama pumzi juu ya kioo. Yafeti aliona bado kuna kivuli chepesi, akasema, "Malizia hapo." Mbaruku akauinua mkono.

"Hapana. Hapa chini rangi imebaki nyembamba kama ganda la kitunguu. Pito moja zaidi, na bati litakuangalia usoni. Hapa ndipo pa kuacha."

Akapaka nta, nyembamba hata haikuonekana, akaiacha ifanye weupe, akaifuta kwa kipande cha pili, kikavu. Na boneti ikaonyesha mawingu, paa la jiko, na uso wa Yafeti uliokuwa umezeeka kwa siku moja.

Saa kumi kasoro dakika tano treni ilipiga honi stesheni. Mbaruku akapita nyuma ya ua wa mabua. Bi. Perusi akaingia jikoni na sanduku. Pazia likashuka. Yafeti akabaki peke yake na gari, kama sharti lilivyotaka, hadi Mzee alipoingia uani, amevaa ile suti ya Tanga.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Mbona unahema?"

"Ni kazi, Baba."

"Mtu aliyemaliza kazi hahemi."

Mzee Zakaria alilizunguka gari mara moja, polepole, mikono nyuma. Alisimama mbele ya boneti. Akatoa leso. Yafeti hakuweza kutazama; aliyakaza macho kwenye viatu vya Mzee, akahesabu matundu ya kamba, manne kulia, manne kushoto. Alisikia leso ikipita juu ya bati, sauti ndogo, kisha ikikunjwa.

"Yafeti."

"Naam, Baba."

"Macho yangu hayaioni tena barabara. Gari hili sitaliendesha baada ya kesho. Nimeamua kwamba kesho, tukitoka kanisani, nitamkabidhi ufunguo wake, liwe lake kabisa, yule aliyelirudishia uso wake wa mwaka 1966. Ufunguo ni mmoja, na sitaki magari ya ushirika. Nitajie jina moja."

Aliyelirudishia. Yafeti alilisikia neno hilo likimshuka mgongoni kama maji ya kisima. Mtu hawezi kurudisha kitu kisichoondoka.

Akitaja jina lake mwenyewe, watu watatu nyuma ya ua, nyuma ya mlango na nyuma ya pazia watamsikia. Akitaja la mmoja wao, amekiri kwamba hakuwa peke yake, na sufuria zilikuwa tayari mekoni.

Sasa pimeni nanyi.

Bi. Perusi angeweza kusema: bila mimi, mikono ya dobi ingeshika kopo la pili, na subira ya bibi harusi ingengojea bati tupu. Mimi ndiye niliyechagua, tena nikajaribu pasipoonekana kabla ya kugusa panapoonekana.

Bwana Mbaruku angeweza kusema: dawa nzuri katika mkono mbaya ni tina nyingine. Kopo lilikuwapo sandukuni miaka yote. Mkono wa kujua mahali pa kuacha haukuwamo. Nami sikuwa na undugu nao, nilileta suti tu.

Na Ruhama angeweza kusema: hao wawili walikuta rangi ya kufanyia kazi kwa sababu mimi niliizuia isiondoke. Sikugusa kitu, ni kweli. Lakini saa tatu nzima nilimzuia mwanamume aliyejawa na hofu asifanye jambo, na gari lile nimelitunza tangu utotoni.

Wengine husema Yafeti naye ahesabiwe, kwa kuwa alitii. Mimi sioni hivyo. Yeye alikalia mikono na kuogopa. Lakini ni ninyi mtakaoamua. Mngekuwa mmesimama pale, mbele ya Mzee yule, honi ya treni bado ikilia masikioni: mngetaja jina gani?

Ila kabla hamjajibu, nisahihishe jambo moja. Bwana Hiza wa kwaya husimulia kisa hiki kwamba leso ilitoka nyeupe kabisa, na kwamba Mzee Zakaria alidanganyika. Sivyo. Leso hiyo ilikutwa Jumatatu, tarehe 2 Novemba 1998, wiki moja baada ya maziko ya Mzee, katika mfuko wa koti la suti ile aliyoichukua Tanga. Ilikuwa imekunjwa mara nne, na katikati, upande wa ndani, palikuwa na doa jeusi la rangi ya gari, dogo kama punje ya mtama. Mzee aliliona. Alilifunika kwa vidole vyake mwenyewe, akaitia leso mfukoni, ndipo akauliza jina.