Ufunguo wa Korongo la Gidamur

Hapo zamani, si zamani ile ya wanyama kusema, bali zamani hii ya juzi yenye barua na mihuri, palikuwa na mjane akiitwa Udagwenga. Aliishi juu ya korongo la Gidamur, nchi ya vumbi jeupe na miiba, ambako maji ni chemchemi moja tu, chini kabisa korongoni.

Udagwenga alikuwa na siri. Tangu aolewe alijua kwamba karibu na chemchemi fuvu la mtu lilikuwa linachungulia kwenye ukingo wa udongo. Hakujua ni la nani. Lakini kila masika yalipokaribia alishuka, akalifunika kwa mawe bapa lisichukuliwe na mvua, akasema, "Lala, baba." Kisha akanywesha mbuzi wake, akapanda. Miaka thelathini.

Wakaja wataalamu kutoka mjini, wakapiga mahema, wakaulizia mifupa ya kale. Udagwenga akanyamaza.

Siku moja shemeji yake, Tarmo, akamfukuza beberu korongoni. Akayakanyaga yale mawe, yakaporomoka, taya la fuvu likavunjika. Tarmo akaokota kipande, akakimbia nacho kambini. Mkuu wa wataalamu, mama mmoja mwenye miwani, alipokitazama aliketi palepale mavumbini.

"Huyu," alisema, "alikufa kabla makabila yenu yote hayajapata majina."

Wakachimba wiki tatu, wakalitia fuvu sandukuni. Siku ya kuondoka mvua ikanyesha milimani, mafuriko yakashuka, sanduku likachukuliwa. Sulle, mwanakijiji aliyekuwa mpishi wa kambi, akajitupa majini, akalikumbatia, akabamizwa miambani mpaka mkono ukavunjika. Alipoopolewa aliuliza kwa taabu, "Sukari imelowa?" Alidhani ni sanduku la stoo.

Basi fuvu likapata sifa. Likaenda mjini, likalazwa kwenye pamba chini ya kioo. Korongo nalo likazungushiwa senyenge, likatiwa lango la chuma na kufuli, chemchemi ikiwa ndani. Kisha ikaja barua: mahali hapa ni urithi wa wanadamu wote, kwa hiyo mtu yeyote asiingie. Isipokuwa kaya moja, ya yule aliyewezesha ugunduzi. Hiyo itapewa ufunguo na itanywesha mifugo yake humo. Wengine wafuate maji mtoni, mwendo wa nusu siku.

Ufunguo ukakabidhiwa mwenyekiti wa kijiji, na mkutano ukaitwa kuamua ni kaya ipi. Tarmo akawa wa kwanza kusimama.

"Wataalamu walikaa hapa miezi miwili wakipata nini? Vumbi! Bila mguu wangu wangerudi mikono mitupu."

"Mguu wako ulimvunja taya, shemeji," Udagwenga akasema.

"Na mawe yako yalimficha!"

Sulle akainuka, mkono ungali kwenye bandeji. "Mama huyu kaficha, mzee huyu kavunja. Mimi nimeokoa. Vinginevyo lingekuwa tope sasa hivi."

"Uliokoa sukari," Tarmo akasema, na watu wakaangua kicheko.

"Mkono uliovunjika ni wangu, haukuvunjika wa sukari!"

Udagwenga akasubiri kicheko kiishe. "Mimi sikuficha, nilitunza. Bila mawe yangu msingekuta hata jino."

"Basi kwa nini hukuwaambia wageni?" mwenyekiti, Akonaay, akamuuliza.

"Kwa sababu hawakuja kumlilia. Walikuja kumpima."

Akaketi. Mbuzi wake walikuwa wakilia kwenye senyenge, wakinusa maji wasiyoyafikia. Moyoni alikuwa na neno ambalo hakulisema: laiti angeiachia mvua ya mwaka wa kwanza, yule mfu angekwenda zake na chemchemi ingebaki ya watu wote. Mfu yule hakuwahi kumnyima mtu maji alipokuwa amesahauliwa. Amenyima alipoheshimiwa.

Mtu mmoja akashauri ufunguo uchongeshwe wa pili na wa tatu. Barua nyingine ikaja upesi: ni marufuku.

Akonaay akamwendea yule mama wa miwani. Akajibiwa kwamba angekosekana mmoja tu kati ya hao watatu, fuvu lisingekuwepo. Akashukuru, akarudi na ufunguo wake mmoja, akasimama mbele ya mkutano kiganja kikiwa wazi, mifugo ya nyumba tatu ikipiga kelele langoni.

Haya, nyie mnaonisikiliza: kuna aliyetunza akanyamaza, kuna aliyevunja akasema, kuna aliyeokoa bila kujua anaokoa nini. Mngekuwa ninyi Akonaay, ufunguo ule mngempa nani?