Mtamba wa Milembe

Haya, nipeni masikio yenu. Midomo yenu ifungeni kwanza, nitaihitaji mwishoni.

Katika hospitali moja ya Usukumani walikuwapo watu watatu, kila mmoja na kipaji chake. Mbuke, karani wa mapokezi, alijaliwa wepesi: akishtuka, mkono ulitangulia kabla ya akili. Sista Nkwimba, muuguzi wa wodi ya watoto, alijaliwa ubishi. Akisema hapana, hata jozi ya maksai wasingemsogeza. Na Lubango, fundi wa kompyuta, alijaliwa subira ya mtu anayefumua wavu uliojisokota bila kukata hata uzi mmoja.

Lakini kisa chenyewe ni cha Milembe, mjane aliyekuwa na binti mdogo, Limi. Limi alikuwa na uvimbe ndani ya kichwa, umelisukuma jicho lake mpaka likatoka nje. Madaktari bingwa wa upasuaji walikuwa wamefika kutoka mbali, na siku iliyofuata wangeondoka. Picha za kichwa zilishapigwa, zimo kwenye kompyuta ya chumba cha picha, ile inayoendesha mashine yenyewe; bila hizo hakuna upasuaji. Asubuhi ile mtoto alikuwa amenyolewa, hajala kitu, analia njaa.

Ndipo balaa likaingia. Mbuke alipokea barua pepe iliyojidai imetoka kwa muuza dawa. Akafungua faili lililoambatanishwa. Kompyuta ikazimika, ikajiwasha, ikaandika: "Ninakarabati diski. Usizime." Mbuke akatii, akangoja. Ilipomaliza, skrini ikawa nyekundu, fuvu katikati, na maneno chini yake: lipeni, la sivyo vitu vyenu msahau. Akizima na kuwasha, fuvu. Akizima na kuwasha, fuvu lile lile.

Mbuke akakumbuka kwamba kompyuta zote za hospitali zimeunganishwa. Akatoka mbio hadi chumba cha picha. Akakuta kompyuta ya pale nayo imeandika, "Ninakarabati diski. Usizime," na mpiga picha ameketi mbele yake, anangoja kwa adabu. Mbuke akaukamata waya wa umeme, akaung'oa ukutani.

"Wewe! Si imeandika usizime?"

"Aliyeandika ni mwizi!" Mbuke akahema. "Ndiyo maana hataki izimwe!"

Milembe aliyaona yote akiwa mlangoni. Alipoelezwa kilichotokea, alifoka. "Ni nani hao? Wako wapi?"

"Hawajulikani, mama," Mbuke akamjibu. "Huenda wako nchi nyingine kabisa."

"Mwizi wa ng'ombe naufuata unyayo wake. Huyu nitamfuata wapi?" Na hasira iliyokosa pa kwenda ikamgeukia Mbuke aliye karibu. "Kumbe ni wewe uliyewafungulia mlango! Mwanangu akifa, ni mkono wako!"

Katibu wa hospitali akaingia, jasho linamtiririka. "Hii imezimwa tu. Iwasheni, huenda imepona."

"Usiiwashe, bosi," Mbuke akamsihi. "Itaendelea pale ilipoachia."

"Nyamaza! Si wewe uliyetuletea haya?"

Mbuke akanyamaza. Lakini Sista Nkwimba, aliyekuja kuulizia picha za mgonjwa wake, aliuchomoa ule waya kwenye kompyuta, akajifunga nao kiunoni kama mkanda. "Haiwashwi mpaka Lubango aje."

"Sista, nakuamuru."

"Hapana."

"Basi nakusimamisha kazi!"

"Nisimamishe. Waya ninao."

Akasimamishwa palepale, mbele ya wagonjwa.

Milembe akatoka barazani, akapaza sauti mpaka waliokuwa kwenye foleni ya dawa wakageuka. "Nina mtamba mmoja, ndiye pekee aliyebaki zizini! Atakayenirudishia picha za mwanangu, mtamba ni wake, wa mtu mmoja tu, akiwa hai na pembe zake. Naapa kwa kaburi la mume wangu!"

Lubango alifika na vumbi la safari, akitokea zahanati aliyokuwa akiihudumia. Milembe hakumngoja hata ashuke kwenye pikipiki. "Naambiwa hakuna nakala ya picha mahali pengine. Kwa nini?"

"Niliomba diski ya nakala, wakaninyima. Nikaomba tena. Halafu nikachoka kuomba."

"Ukachoka! Na mimi je, nichoke kumbeba huyu?"

Lubango akaingia chumba cha picha. Akaketi, akafungua kompyuta, huku akieleza taratibu. "Mama, wezi hawa hawakuanza na picha zenyewe. Wameshika mahali kompyuta inapoanzia kuamka. Ni kama nyumba iliyopigiliwa misumari mlangoni, lakini vyombo bado vimo ndani. Ule ukarabati ni uongo. Wakati unaonekana, ndipo wanafunga ramani inayoonyesha kila kitu kilipo. Ingemaliza, au ingewashwa tena, tungekwisha."

Akaitoa diski, akaiunganisha kwenye kompyuta nyingine, nzima, isiyounganishwa na chochote, ili iamke kwa diski yake yenyewe na ile mbovu isomwe tu. Sehemu ya ramani ilishaliwa. Lubango akawa anaokota kipande kimoja kimoja: picha ya goti la mzee, picha iliyokatika nusu, kiza kitupu. Kwenye wodi Limi analia. Nyuma ya Lubango, Milembe amesimama, anawalaani wezi na vizazi vyao. Fundi hakuharakisha, wala hakugeuka. Mwishowe likatokea fuvu dogo, na pembeni jina la Limi.

Upasuaji ukafanyika siku hiyohiyo. Uvimbe ukatoka. Mtoto alipozinduka, aliomba uji.

Siku Milembe alipomleta mtamba, wote watatu walikuwapo, na ugomvi ukaanza kabla hajafunga kamba.

"Nisingeng'oa waya, fundi angekuta majivu," alisema Mbuke.

"Na moto aliuwasha nani?" Nkwimba akamkatiza. "Mimi nimepoteza kazi kwa ajili ya mtoto yule."

"Kwani ulijua unachokilinda? Ulikuwa unambishia katibu tu!"

"Sikujua. Nilijua yule bwana hasikilizi. Wewe uliyejua ulifokewa mara moja ukanyamaza!"

"Mngekaa na waya wenu mpaka leo," alisema Lubango. "Picha nimezitoa mimi."

"Ndiyo kazi unayolipwa!" wakamrukia wote wawili. "Na nakala ziko wapi?"

Mtu mmoja akashauri mtamba auzwe, wagawane. "Nimeapa akiwa hai!" Milembe akafoka. Mwingine akasema wangoje azae. "Nimeapa mtamba, sikuapa ndama. Na nimeapa kwa mtu mmoja!"

Akawatazama mmoja mmoja. Kila aliyemtazama alimuokolea mwanawe, na kwa Mbuke alikuwa bado na donge moyoni. Wezi wenyewe, waliostahili hasira yote ile, hawakuwa na uso wa kutazamwa.

Sasa fungueni midomo. Yupo aliyeleta balaa kisha akalikata katikati. Yupo aliyetoa riziki yake bila kujua anatetea nini. Yupo aliyeacha ghala wazi, kisha akaokota nafaka punje kwa punje. Angekosekana mmoja, Limi asingepona.

Je, wewe ungeamua vipi? Ungemkabidhi nani kamba ya mtamba?