Kitabu cha Bibi kwa Herufi za Manukato

Hapo zamani, zamani ya juzi tu, palikuwa na Bibi Mwanakheri wa Tanga, mtunzi wa tenzi. Mtaa ulikuwa ukinong'ona kwamba tenzi zile zilitungwa na marehemu mumewe. Mjukuu wake Salha, msanifu wa vitabu, akaapa: "Bibi, nitakuchapia kitabu. Utakisoma mwenyewe mbele yao, wafyate ulimi."

Salha akachagua herufi za kifahari, zile zinazouza manukato kwenye matangazo: mguu mmoja mnene kama mchi, wa pili mwembamba kama unywele, ncha zimechongwa kama kucha za bi harusi. Chuoni alifundishwa kwamba hizo ni za vichwa vya habari na kadi za harusi. Ukizifanya ndogo, vile vistari vyembamba vinapotea. Alijua. Lakini ukurasa ulipendeza mno, naye alikwisha kujiona jukwaani akipokea tuzo.

Akampelekea mjomba wake Hatibu, mwalimu mstaafu, ahakiki. Mjomba akakodoa macho, akaona fito, fito tu, kama ua wa kuku. Akaogopa kuitwa mshamba. "Kazi ya kimataifa hii, mama!"

Akampelekea Bibi. Bibi akapapasa karatasi, akanusa wino. "Mashallah. Chapa, mjukuu wangu." Macho yake yalikuwa yamechoka siku nyingi, na miwani hataki, miwani, alisema, ni ya vizee.

Siku ya uzinduzi ukumbi ukafurika. Bibi akasimama, akafungua kitabu. Akakisogeza machoni, akakirudisha nyuma. Fito tu. Hata beti alizozijua kwa moyo zikamkimbia.

"Si usome, shoga?" Bi Nunu, jirani aliyeongoza minong'ono, akapaza sauti. "Au mwenye tenzi yuko makaburini?"

Watu wakaangua kicheko. Bibi akaketi, akavuta ushungi hadi usoni. Salha akatazama viatu vyake mpaka mtu wa mwisho alipotoka.

Nyumbani, jikoni, wakaanza kugombania lawama.

"Kosa langu," Salha akasema. "Nilijua hazisomeki, nikazitaka hivyo hivyo."

"Langu," Mjomba akadakia. "Ulinipa nihakiki, nami nikakusifia nisichokiona."

Bibi akasonya. "Nani alisema chapa? Si ni mimi, ilhali sikuona hata neno?"

"Basi mmoja wetu akawaambie watu kwa nini kitabu hakikusomeka," Salha akasema, "jina la Bibi lisafike."

Hapo sauti zikapungua.

"Nikisema mimi," Salha akanong'ona, "nani atanipa kazi tena?"

"Pale walijaa wanafunzi wangu," Mjomba akasema.

"Nami nikasimame tena mbele ya Nunu, nimwambie sioni?" Bibi akauliza. "Si atasema nimetunga na hicho kisingizio?"

Chai ikapoa, hakuna aliyeigusa.

Haya, ninyi mnaosikiliza, nanyi msijifanye hamkuelewa: nje huko Bi Nunu bado anacheka. Kati ya hao watatu, je, nani alistahili kuinuka kwanza, afungue mlango, akaseme?